Marekebisho makubwa si kukataliwa

Jamani, tuelewane. Mhariri wa jarida la kitaaluma akikuandikia "marekebisho makubwa", yaani irekebishe sana kisha uirudishe, makala yako haijakataliwa. Wiki hii tena mhadhiri kijana wa hapa Iringa kaniambia ameachana na jarida "kwa sababu wamemkatalia", na makala kaipeleka kwenye majarida yale yanayokubali ndani ya siku chache ukishalipa. Nimeisoma barua yake. Hakuna aliyemkatalia.

Mimi ni mhariri msaidizi wa jarida la elimu. Muswada ukifika, kwanza tunaangalia kama unahusu mada zetu na umefuata mwongozo. Mingi huishia hapo. Unaovuka hapo huondolewa majina ya waandishi, ukaenda kwa wahakiki wawili, yaani wasomi wenzako wa fani hiyo wanaoupima, wasiolipwa chochote, wenye mitihani ya kusahihisha. Ndiyo maana miezi inapita.

Mhakiki anashauri tu. Anayeamua ni mhariri, na ushauri anaoupata mara nyingi unagongana: mmoja anaona walimu wachache wa sekondari za kata wilayani Kilolo wanatosha kwa usaili wa kina, yaani mahojiano marefu na mtu mmoja mmoja, mwingine anadai sampuli ni ndogo, kana kwamba anasoma utafiti wa takwimu. Mhariri asiyeona tumaini hukataa kwa aya moja. Akikutumia kurasa tatu za maelekezo, hoja yako ameikubali ila mbinu zako bado haziibebi. Jibu kila dai: hapa nimebadilisha, ukurasa fulani; hapa sikubaliani, sababu ni hii. Ndiyo, kumpinga mhakiki kunaruhusiwa! Mweleze kwa heshima kwamba hukukusudia kuusemea mkoa mzima, na uonyeshe usaili ulifika wapi ukawa hautoi jipya.

Sisemi mfumo huu unapima sawasawa. Mwaka 1982 Peters na Ceci wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio lao: walichukua makala 12 za saikolojia zilizokwisha kuchapishwa, wakabadilisha majina ya waandishi na vyuo, wakazirudisha kwenye majarida yaleyale. Zilitambuliwa 3 tu. Kati ya 9 zilizobaki, 8 zilikataliwa. Na huku Nyanda za Juu Kusini, tunaotafiti ufundishaji kwa Kiingereza sekondari tunafahamiana. Kuna miswada ambayo namjua mwandishi kabla ya ukurasa wa pili, na sina hakika kama huwa nampima kama nisiyemjua.

Hata hivyo, kama barua unayo na muda wa kurudisha marekebisho haujaisha, mwandikie mhariri leo umwombe wiki mbili zaidi. Wengi wetu tunatoa. Ila kwanza iondoe makala kule kwingine, maana kuipeleka kwenye majarida mawili kwa wakati mmoja ndiko kutakakoikatalisha kweli.