Larry Tesler na swali la nani aubebe ugumu

Wasanifu vijana ninaofanya nao kazi huniuliza mara kwa mara mtu anafikaje kwenye kiti cha mkurugenzi wa uzoefu wa mtumiaji, yaani anayesimamia urahisi au ugumu wanaoupata watu wanapotumia programu, na wengi hutarajia niwatajie vyeti au programu za kuchorea. Mimi huwaelekeza kwenye maisha ya kazi ya Larry Tesler, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1945 na kufariki Februari 2020, ambaye alipita Xerox, Apple, Amazon na Yahoo akihangaika na kero ileile.

Kero hiyo ni kile wahandisi wanachokiita modi. Programu ikiwa katika modi fulani, kitufe kilekile hufanya jambo tofauti na lile kilichofanya dakika moja iliyopita, na mtumiaji ndiye anayetakiwa kukumbuka yuko katika modi ipi. Tesler alijiunga na maabara ya Xerox ya Palo Alto, California, mwaka 1973, ambako wenzake walikuja kutumia kihariri cha maandishi kilichoitwa Bravo, chenye modi ya amri na modi ya kuandika. Mtu aliyedhani yuko kwenye kuandika, kumbe yuko kwenye amri, akipiga neno la Kiingereza «edit», herufi e ilichagua waraka wote, d ikaufuta, i ikafungua modi ya kuandika, na t ikaandikwa kama t. Kazi ya asubuhi nzima ikawa herufi moja.

Kabla ya kubuni mbadala, Tesler alimketisha katibu aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa mbele ya skrini tupu, akampa ukurasa uliosahihishwa kwa kalamu, kisha akamwomba aeleze angependa kuyaingiza vipi masahihisho yale. Katibu yule, ambaye hakuwa na mazoea ya mfumo wowote ambayo angetaka kuyatetea, alieleza kwamba angeonyesha mahali panapohusika na kuanza kuchapa. Kutokana na kazi ya namna hiyo, Tesler na Tim Mott walitengeneza Gypsy, kihariri cha maandishi kisicho na modi hizo, katikati ya miaka ya 1970, kwa ajili ya wahariri wa Ginn, kampuni ya vitabu vya shule iliyomilikiwa na Xerox. Wahariri walizoea kukata karatasi kwa mkasi na kuzibandika kwa gundi, na ndiko lilikotoka lile «kata» na «bandika» tunalolitumia leo bila kufikiria mkasi wala gundi.

Desemba 1979 alikuwa miongoni mwa watafiti waliomwonyesha Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, kompyuta ya Xerox iitwayo Alto, na mwaka uliofuata akahamia Apple, ambako alifanya kazi kwenye Lisa. Katika majaribio ya kompyuta hiyo, kitufe cha kukubali kiliandikwa «Do It», yaani fanya. Mtumiaji mmoja alionekana kukereka, na alipoulizwa akahoji kwa nini mashine inamwita «dolt», neno lenye maana ya mpumbavu, kwa sababu alikuwa ameyasoma maneno mawili kama moja, na I kubwa ameiona kama l ndogo. Kitufe kikawa «OK». Simjui mhandisi ambaye angeligundua kosa hilo kwa kuupitia msimbo.

Vyeo vilifuata: alisimamia mradi wa Newton, kompyuta ndogo ya mkononi ya Apple, akawa mwanasayansi mkuu wa Apple, na alikuwamo katika mazungumzo yaliyoizaa kampuni ya ARM mwaka 1990, ambayo usanifu wake wa chipu umo katika karibu kila simu ya mkononi. (Newton yenyewe haikufua dafu sokoni.) Baadaye alikuwa makamu wa rais anayesimamia uzoefu wa ununuzi Amazon, kuanzia 2001 hadi 2005, kisha akaongoza usanifu wa uzoefu wa mtumiaji Yahoo.

Kwa maoni yangu, kilichomfaa katika nafasi hizo za juu si ustadi wa kuchora bali kanuni aliyoijenga tangu miaka ya 1980: kila programu ina kiasi cha ugumu kisichoweza kupunguzwa, na swali linalobaki ni nani aubebe, mtumiaji au mhandisi. Aliona ni heri mhandisi mmoja apoteze wiki nzima kuliko mamilioni ya watumiaji wapoteze dakika moja kila mmoja. Swali hilo ni la bajeti na ratiba, kwa hiyo haliamuliwi na mchoraji. Linaamuliwa na mwenye mamlaka ya kuahirisha tarehe ya uzinduzi.

Nililiona hilo katika fomu moja tuliyoirithi hapa Dar es Salaam, iliyokuwa ikikataa namba ya simu inayoanza na sifuri na kutaka 255 bila alama ya kujumlisha, huku chini ya kisanduku pakiwa na maelezo mekundu ya mistari mitatu. Nilipendekeza mfumo upokee namba vyovyote itakavyoandikwa, hata ikiwa na nafasi katikati, kisha uipange wenyewe. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba watu watazoea. Niliomba siku mbili za mhandisi, nikapewa baada ya kukubali kuahirisha kazi nyingine niliyoipenda zaidi, na Alhamisi mchana tukayafuta yale maelezo mekundu.