Neva ikikatika, huota tena? Maswali kuhusu neva za binadamu zinazokuzwa maabara

Nilijikata na panga kwenye kifundo cha mkono. Neva imeshonwa, lakini vidole bado vina ganzi. Nisubiri hadi lini?

Pole sana. Neva ya mkononi huota, ila taratibu: kama milimita 1 kwa siku. Ndani yake mna nyuzi nyembamba ziitwazo aksoni, na kila uzi ni mkono mrefu wa seli moja iliyo ndani ya uti wa mgongo au kando yake. Ukikatika, kipande cha mbele hufa, na uzi mpya huanza kuota kutoka pale penye jeraha. Kifundoni hadi ncha ya kidole ni sentimita 18 hivi, yaani miezi sita. Aliyeumia begani husubiri karibu miaka miwili, na misuli iliyokosa neva muda wote huo hunyauka. Kinachowasumbua watafiti ni huo mwendo wa kobe.

Wanapata wapi neva za binadamu za kuchunguza?

Kwenye ngozi au damu kidogo ya mtu aliyeridhia. Mwaka 2006, Shinya Yamanaka na mwenzake huko Kyoto, Japani, waliingiza jeni nne katika seli za ngozi ya panya, zikarudi kuwa seli shina, yaani seli ambazo bado hazijapangiwa kazi. Mwaka 2007 wakafanikiwa kwa seli za binadamu, na 2012 Yamanaka akapata Nobel pamoja na John Gurdon. Seli shina zikilishwa kemikali maalumu kwa wiki kadhaa, hugeuka neuroni, yaani seli za neva: za kuendesha misuli, au za kuhisi maumivu.

Halafu wanazikata?

Ndiyo, na ufundi wake ni wa kupendeza. Kuna kijisahani chenye vyumba viwili vilivyounganishwa na vijifereji vyembamba kuliko unywele. Miili ya seli haipiti humo. Aksoni hupenya hadi chumba cha pili. Mtafiti hufyonza maji ya chumba hicho kwa nguvu, aksoni zikakatika, na seli upande wa pili zisiguswe. Kisha ni kutazama kwa hadubini: ncha iliyokatika inachanua kitu mfano wa kiganja, kinapapasa huku na huku kutafuta njia. Hapo dawa hutiwa, ikaonekana kama inaharakisha au inazuia. Ndani ya mwili wa mtu aliye hai huwezi kuona hayo.

Basi tiba imeshapatikana?

Bado. Neuroni hizi ni changa, zinafanana zaidi na za mimba kuliko zako, na sahanini hakuna damu wala kovu. Kliniki ikikuuzia sindano ya seli shina kwa ahadi ya kuponya neva, shika fedha yako kwanza, umuulize daktari aliyekushona.

Kwa sasa endelea na mazoezi ya vidole, na maji ya moto uyapime kwa mkono mzima. Wenye ganzi utaungua bila wewe kujua.