Je, wajua kwa nini gemu fupi isiyo na mazungumzo ilizoa tuzo za dunia?

Mtoto yeyote aliyewahi kushika pedi kwenye kibanda cha PS anajua kazi ya kitufe cha duara. Kwenye FIFA, duara ni shuti: ukiingia ndani ya kumi na nane unabonyeza, na kibanda kizima kinaruka. Lakini Machi 2012 ilitoka gemu ya PlayStation 3 iitwayo Journey, yaani Safari, ambayo kitufe hichohicho hakipigi mpira wala hakifyatui risasi. Kinaita. Ukikigusa kidogo, mhusika wako anatoa mlio mfupi kama wa ndege wa alfajiri. Ukikishikilia kisha ukakiachia, mlio unatoka kwa nguvu na duara la mwanga linatanuka kumzunguka. Hiyo ndiyo lugha yako pekee tangu mwanzo mpaka mwisho.

Kuisimulia gemu yenyewe hakuchukui dakika moja. Unajikuta jangwani, umevaa joho jekundu, huna mikono, na baadaye kidogo unapata skafu inayokuwezesha kuruka kwa muda mfupi. Mbele yako, mbali kabisa, kuna mlima wenye kilele kilichopasuka, na katikati ya ule ufa unatoka mwanga. Unakwenda huko. Huhesabiwi pointi, huna silaha, na hata yale mazimwi ya mawe yanayoruka unayokutana nayo njiani huwezi kuyapiga, unajificha tu. Baada ya saa mbili hivi, imekwisha. Iliuzwa kwa dola 15, na walioitengeneza walikuwa watu 18 wa studio ya Los Angeles iitwayo thatgamecompany.

Mwaka uliofuata, 2013, gemu hiyo ndogo ilipita kwenye sherehe za tuzo kama fagio. Tuzo 8 za D.I.C.E., tuzo kubwa za gemu huko Marekani, ikiwemo ya gemu bora ya mwaka. Tuzo 6 zinazotolewa na watengenezaji gemu wenyewe, ikiwemo tena ya gemu bora ya mwaka. BAFTA 5, tuzo za filamu na gemu za kule Uingereza, mojawapo ya muziki. Kwenye Metacritic, mahali maksi za wahakiki zinapokusanywa na kupigiwa wastani, ilipata 92 kwa 100. Iliwezaje?

Kwanza turudi miaka miwili kabla haijatoka, maana wahakiki hawakuipokea Journey wakiwa hawana la moyoni. Aprili 2010 Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa Chicago ambaye neno lake lilikuwa zito kuliko la wengi Marekani, aliandika kwamba michezo ya video kamwe haiwezi kuwa sanaa. Hakuwa anasema na upepo. Alikuwa anaijibu hotuba ya Kellee Santiago, mwanzilishi wa thatgamecompany pamoja na Jenova Chen, na kati ya mifano aliyoikataa ilikuwamo Flower, gemu ya studio hiyohiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba gemu ina sheria, pointi na malengo, na unaweza kuishinda. Lakini hadithi, tamthilia, dansi au filamu huwezi kuishinda, unaweza tu kuipitia na kuionja. Julai mwaka huohuo alikiri kwamba hakupaswa kuandika juu ya kitu asichokijua kwa kukicheza, ingawa msimamo wenyewe hakuuacha.

Hoja hiyo ukiileta kwenye Kiswahili inaanza kuyumba. Sisi tuna neno moja tu: kucheza. Mtoto anacheza mpira, anacheza gemu, na shangazi yake harusini anacheza ngoma. Anayecheza ngoma hashindi chochote, na bado hakuna atakayemwambia kwamba hachezi. Na waliokulia kwenye ngoma wanajua jambo lingine: mpiga ngoma hodari hapigi huku ametazama mawingu. Macho yake yako kwenye miguu ya mchezaji. Mchezaji akipandisha, naye anapandisha. Mchezaji akipoa, ngoma inashuka na kumsubiri. Kwa maoni yangu, hicho ndicho wahakiki walichokisikia ndani ya Journey, hata kama wengi wao walikiita kwa majina mengine.

Tazama tofauti na filamu. Mtunzi wa muziki wa filamu anapewa picha zilizokwisha kukatwa. Anajua sekunde gani mlango unafunguka na sekunde gani mama anaanza kulia, naye anaweka noti zake hapohapo. Kwenye gemu hakuna anayejua. Mchezaji mmoja anakimbia moja kwa moja kuelekea mlimani. Mwingine anakaa juu ya kichuguu cha mchanga dakika kumi nzima akitazama jua. Kwa hiyo muziki wa gemu ya namna hii hauandikwi kama wimbo mmoja ulionyooka. Unaandikwa kwa vipande na matabaka. Kipande kimoja kinaweza kujizungusha chenyewe bila kuchosha mpaka mchezaji atakapovuka mahali fulani. Tabaka la pili linangoja ndani ya programu na kuingia pale tu linapohitajika. Na mshono kati ya kipande na kipande lazima usisikike. Hapo ndipo ufundi ulipo. Mshono ukisikika, mchezaji anakumbuka kwamba yuko mbele ya mashine.

Mtunzi wa Journey ni Austin Wintory. Mara nyingi mtunzi wa gemu huitwa kazi ikiwa imekaribia kwisha, aje kuweka viungo kwenye chungu kilichokwisha kuiva. Wintory alikuwemo tangu mwanzo na alikaa na gemu hiyo kwa miaka 3. Alichagua sello, ile fidla kubwa inayopigwa mtu ameketi, ambayo wapenzi wa taarab asilia ya Unguja wameizoea, iwe ndiyo sauti ya mchezaji. Ilipigwa na Tina Guo. Okestra, iliyorekodiwa Skopje huko Makedonia, ndiyo dunia inayomzunguka. Wintory mwenyewe aliieleza kazi yake kama utunzi mkubwa wa sello ambamo mchezaji ndiye mpigaji wa mbele. Mwanzoni sello hiyo haijasimama peke yake. Imechanganyika na sauti za kompyuta kama mtu aliyezongwa na vumbi. Inajitenga polepole, hatua kwa hatua, na mwishoni kabisa ndipo unapoisikia wazi, juu ya wote.

Hatua ya theluji ndiyo inayoonyesha jambo hili vizuri zaidi. Umekaribia kilele. Upepo unakupiga, skafu yako inaganda na kufupika, na huwezi tena kuruka. Unasukuma mbele kijiti cha pedi kama kawaida, lakini mhusika anaburuza miguu. Ukibonyeza duara, ule mlio uliokuwa ukijaza jangwa zima unatoka kama pumzi ya mgonjwa, na duara la mwanga halifiki hata kwenye pindo la joho. Muziki nao unapungua, chombo baada ya chombo, mpaka linabaki vumi la upepo. Kisha unaanguka. Kioo kizima kinakuwa cheupe, na kwa muda hakuna kitu.

Halafu wanatokea wahenga waliovaa majoho meupe, wanakuzunguka, na unafyatuka kwenda juu. Hapo ndipo okestra nzima inapofunguka, na sello ile iliyokuwa imefunikwa na vumbi inaimba bila kitu juu yake. Hakuna aliyekwambia "usikate tamaa". Ulikuwa umeshika pedi, ukaona nguvu zako zinaisha mkononi mwako mwenyewe, na sasa zimerudi. Filamu inaweza kukuonyesha mtu akianguka. Hapa kidole chako ndicho kilichokuwa kinabonyeza, na sauti haitoki. Wahakiki waliozoea kupima gemu kwa ukali wa mapigano walijikuta wakiandika juu ya huzuni na furaha, na juu ya kifo.

Lawama zilikuwepo, na si za kupuuzwa. Dola 15 kwa saa mbili ni hesabu inayomuuma mtu anayenunua gemu moja kwa mwaka. Wengine walisema kazi ya mchezaji ni ndogo mno: kutembea, kuteleza mchangani, kuruka, kuita. Kwa aliyekuja kutafuta ugumu, Journey haina. Nami nakubali kwamba usipokuwa na subira, nusu saa ya kwanza inaweza kukupita kama matembezi matupu. Lakini urefu ule nadhani uliamuliwa na muziki. Utunzi mmoja unaopanda kutoka noti ya kwanza hadi ya mwisho hauwezi kuvutwa saa arobaini. Ni kitu cha kukaliwa mara moja, jioni moja, kama mtu anavyokaa kusikiliza utenzi ukisomwa.

Kuna pia waliouliza kama ni haki kuiita gemu huru, maana Sony ndiyo iliyotoa pesa na kuisambaza. Studio haikuwa mali ya Sony. Ilikuwa na mkataba wa gemu tatu, na Journey ilikuwa ya tatu. Uhuru huo uliwagharimu. Kazi iliyopangwa mwaka mmoja ilichukua mitatu, na Chen amesimulia hadharani kwamba studio ilifilisika kabla hawajamaliza.

Sehemu ya muda huo ilikwenda kwenye jambo ambalo mchezaji haoni kazi yake: mwenzake. Ukicheza ukiwa umeunganishwa na intaneti, unaweza kumkuta mtu mwingine jangwani, mwenye joho kama lako. Ni mtu wa kweli, pengine yuko Japani, pengine Brazili. Huoni jina lake, huwezi kumwandikia, huwezi kumsemesha. Mnaitana tu kwa ile milio, na mkisogeleana skafu zenu zinajaa nguvu. Katika majaribio ya awali wachezaji waliweza kugusana na kusukumana, na Chen amesimulia kwamba watu walianza kusukumana makusudi, hata kumtumbukiza mwenzao shimoni. Wakaondoa uwezo wa kusukumana. Kilichobaki cha kumfanyia mwenzako kilikuwa kumsaidia tu, na watu wakasaidiana. Baadaye Chen alisoma mbele ya wenzake barua ya binti wa miaka 15 ambaye baba yake alikuwa mgonjwa. Walicheza Journey pamoja, na baba akafariki mwaka huohuo wa 2012. Binti aliandika kwamba ndiyo furaha kubwa aliyoipata na baba yake tangu ugonjwa ulipojulikana.

Desemba 2012 muziki huo uliteuliwa kuwania Grammy, katika kundi la muziki wa filamu na picha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muziki wa gemu kuingia kundi hilo, ukakaa bega kwa bega na kazi za John Williams na Hans Zimmer, watunzi wakubwa wa muziki wa filamu. Haukushinda, tuzo ilikwenda kwa Trent Reznor na Atticus Ross. Na hapa msomaji wa Kiswahili ana la kujivunia, maana wimbo wa kwanza wa gemu kushinda Grammy umeimbwa kwa lugha yetu. Ni "Baba Yetu", ile Sala ya Bwana aliyoitungia muziki Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya gemu ya Civilization IV ya mwaka 2005, ukashinda Februari 2011 kwa upangaji wa ala baada ya kurekodiwa upya kwenye albamu yake ya 2009. Nimekutana na watu waliouimba kwaya miaka mingi bila kujua kwamba ulizaliwa ndani ya kompyuta. Ila "Baba Yetu" unasikika gemu inapofunguka, kabla hujaanza kucheza. Haukufuati. Muziki wa Journey unakufuata hatua kwa hatua, na ndiyo maana uteuzi ule ulikuwa na uzito wa pekee: majaji walikuwa wanasikiliza utunzi usio na urefu mmoja, uliopangwa upya kwenye albamu ili uweze kusikilizwa bila pedi mkononi.

Mwaka 2023 Grammy ilianza kutoa tuzo ya muziki wa gemu peke yake, na mshindi wa kwanza akawa Stephanie Economou.

Leo huhitaji PlayStation 3 kuicheza. Ilifika PlayStation 4 mwaka 2015, kisha kompyuta na simu za iPhone mwaka 2019. Mimi niliicheza kwenye kompyuta, usiku, na spika za masikioni, na nakushauri ufanye hivyohivyo. Wimbo wa mwisho, ulioimbwa na Lisbeth Scott kwa Kilatini, Kigiriki, Kiingereza cha kale, Kijapani na Kifaransa, unapita pamoja na majina ya watengenezaji; usizime. Baada ya hapo ndipo gemu inakuonyesha kwa mara ya kwanza majina ya uliokutana nao njiani. Nilikuwa nimeshikamana na mwenzangu tangu jangwani, tukaelekea pamoja kwenye theluji, tukiitana kila upepo ulipotutenganisha, nikaamini muda wote ni yuleyule. Yalitokea majina matatu.