Moto wa pamba haupandii baharini

Kazi yangu ni kukagua mizigo bandarini, na katika yote ninayopitisha hakuna unaoninyima usingizi kama robota la pamba. Ukiligonga ni gumu kama ubao, limebanwa likakazwa kwa mikanda ya chuma, unajiambia hili litashikaje moto. Kumbe kati ya nyuzi hewa bado ipo ya kutosha, kwahiyo cheche ikizama humo huoni mwali, inafukuta tu polepole, siku kadhaa, hata wiki, na ukilishika kwa nje liko poa kabisa.

Ndo maana huwa nawasimulia vijana habari ya City of Montreal, stima ya kampuni ya Inman iliyojengwa 1872. Tarehe 6 Agosti 1887 iling'oa nanga New York kwenda Liverpool, mji uliokuwa unalisha pamba viwanda vya Lancashire, ikiwa na abiria na marobota kama 2,000. Siku nne safari shwari, halafu usiku wa tarehe 10 pamba ikaonekana inawaka tumboni mwa meli. Kwa jicho la mkaguzi, huo moto ulipakiwa gatini pamoja na mzigo.

Mabaharia wakamwaga maji, lakini pamba mbichi ina nta yake ya asili, na ikishabanwa vile maji yanateleza juu tu, katikati hayafiki, na ukifungua kifuniko ili umwage vizuri umeukaribisha upepo ndani. Tiba ni kuziba kila tundu na kuunyima moto hewa, enzi zile walikuwa wanapuliza mvuke wa boila, ila lazima uwahi! Wao wakazidiwa, zaidi ya watu 200 wakashuka kwenye maboti katikati ya Atlantiki, mpaka meli ya matanga ya Kijerumani, Trabant, ikawaona.

Siku hizi pamba yenye unyevu na mabaki ya pamba yenye mafuta yako kabisa kwenye orodha ya mizigo hatari, yale yanayoweza kujipasha joto yenyewe.

Mwaka fulani nilikuta robota lina kidoa cheusi kwenye gunia la nje, hakizidi sarafu ya shilingi mia. Wakala akaniambia mkuu hiyo ni grisi, meli inachelewa. Nikasema kateni mikanda. Ndani kulikuwa na shimo la majivu linaloingia mkono hadi kiwiko, na pembeni yake bado panang'aa wekundu.