Shule mpya Kisauni: tuanze na hati ya ardhi

Kazi yangu ya upimaji ardhi imenifikisha katika mabaraza mengi ambako wakazi hujadili ujenzi wa shule ya msingi ya umma, na karibu kila mara mazungumzo huanzia kwenye pesa, idadi ya madarasa, na vijana wa mtaa upi watakaopewa vibarua. Suala la hati ya ardhi hufikiwa adhana ya adhuhuri ikikaribia na watu wameanza kunyanyuka. Mimi nashikilia kwamba ndilo la kutangulizwa, na baraza nililohudhuria Kisauni limenizidishia imani hiyo.

Kwamba shule inahitajika, hakuna aliyebisha. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 291,930 Kisauni, wengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kaunti ya Mombasa, na tangu 2023 shule za msingi zimebeba pia gredi ya 7 hadi ya 9. Mwongozo wa usalama shuleni wa 2008 unataka darasa la mita 7.5 kwa 6 lisizidi wanafunzi 40, wakikaa wawili kwa kila dawati. Katika shule iliyo jirani na baraza lile nilichungulia dirishani nikaona wanne kwenye dawati moja, na yule wa pembeni ameuegemeza mguu wake ukutani asianguke, daftari likiwa juu ya paja.

Mvutano ulikuwa juu ya mahali. Wazee kadhaa walitaka shule iliyopo iongezewe ghorofa, lakini mama mmoja akasimama akasema kinachomnyima usingizi ni barabara kuu ambayo mwanawe wa gredi ya kwanza huivuka alfajiri katikati ya matatu, na ghorofa haitaiondoa. Niliafikiana naye kabisa. Vijana nao waliutetea uwanja uliopendekezwa, kwa kuwa hapo ndipo wanapocheza mpira na ndipo mtaa mzima huswali Idi. Hofu yao ni ya haki, ingawa shule iliyopangwa vyema huhitaji uwanja, na ramani inaweza kuulinda.

Ndipo mzee mmoja akatoa katika bahasha ya kaki stakabadhi za kodi ya kiwanja, nyingine wino wake umepauka hata hausomeki. "Uwanja huu, wanangu, una mwenyewe," alisema, "na mimi namlipa."

Asiyeijua Pwani atashangaa. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka waliodai ardhi wawasilishe madai yao, na ile isiyodaiwa ikawa mali ya serikali ya kikoloni. Wengi waliokuwa wakilima na kuishi hapo hawakupata hati. Kutokana na historia hiyo, hadi leo mtu anaweza kumiliki nyumba huku ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine, na kiwanja kitupu kinachotumiwa na wote kikawa cha mtu binafsi. Na hata shule iliyokwisha kusimama haina salama bila hati: Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa gesi ya kutoa machozi walipoandamana kuudai uwanja wao uliozungushiwa ukuta.

Lawama nyingi barazani zilielekezwa kwa kaunti, kimakosa. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti elimu ya chekechea, huku shule za msingi zikiwa jukumu la serikali ya kitaifa.

Ushauri wangu ulikuwa upekuzi rasmi ufanywe kwanza katika masjala ya ardhi. Ikithibitika kwamba kiwanja ni cha mtu, serikali inaweza kukinunua, au kukitwaa kwa manufaa ya umma kupitia Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na Kifungu cha 40 cha Katiba kinaagiza mwenyewe alipwe haki yake bila kuchelewa. Mzee yule, ambaye nyumba yake imepakana na goli la kaskazini, aliuliza yeye atakuwa wapi katika hesabu hiyo. Nilimsomea ibara ya 4 ya kifungu hicho, inayoruhusu fidia kwa wanaoikalia ardhi kwa nia njema ingawa hawana hati. Aliniomba niirudie polepole. Kisha mwenyekiti akaahirisha kura hadi majibu ya masjala yapatikane.