Kuchaguliwa tangu asili si ajali

Juzi tulimzika kijana wa bodaboda hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Lori lilimgonga kwenye barabara ya kwenda Tororo, kofia yake ya kujikinga ikiwa inaning'inia kwenye usukani. Makaburini mhubiri akafungua Warumi 8, akasoma "aliwachagua tangu asili", kisha akamgeukia mama wa marehemu: "Mama, jambo hili lilikuwa limeandikwa kabla mwanao hajazaliwa." Watu wakaitikia amina. Mimi niliona uso wa yule mama, na tangu siku hiyo sijatulia, kwa sababu si mara ya kwanza kusikia mstari huo ukisomwa hivyo matangani.

Maana yake ni fupi. Kuchaguliwa tangu asili ni fundisho kwamba kabla ya kuumba ulimwengu Mungu alikusudia kuwapa watu wokovu ndani ya Kristo, na kusudi hilo halikutokana na wema wao. Ni habari ya watu na mwisho wao kwa Mungu. Si ratiba ya malori.

Nadhani kosa hili linatupata kirahisi kwa sababu ya Kiswahili chenyewe. Chukua neno ajali. Leo tunalitumia kwa gari lililopinduka, lakini limetoka katika Kiarabu, ajal, na huko ni muda uliowekwa, hasa saa ya mtu kufa. Ndiyo sababu wazee wakasema ajali haina kinga: hawakuwa wakizungumzia breki mbovu, walikuwa wakizungumzia siku isiyokwepeka. Kadari nayo ni ya Kiarabu, ndugu wa kadiri, yaani kipimo: kile ulichopimiwa. Kisha tuna majaliwa, lenye upole zaidi, kwa kuwa limetoka kwenye kujaliwa. Maneno haya matatu tumeyazoea tangu utotoni, hata Mkristo akisoma "tangu asili" masikio yake husikia ajali. Na wala tusiwasingizie jirani zetu Waislamu. Wao ndio waliofundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Mungu. Kuamini kadari hakumpi dereva wao ruhusa ya kuendesha kiholela.

Neno alilotumia Paulo lina picha nyingine kabisa. Ni la Kigiriki, proorizo: pro ni kabla, na horizo ni kuweka mpaka. Sisi wa Busia hatuhitaji kufundishwa mpaka ni nini. Uliwekwa kabla hatujazaliwa, na aliyezaliwa upande huu hakuufanyia kazi uraia wake wa Uganda, aliukuta. Lakini mpaka huo haukuamua nani atavuka leo kwenda kununua mahindi, wala nani atadanganya kwenye mizani. Najua hakuna mfano unaotosha, ila huu unanisaidia kuona kitu kilichowekwa kabla yangu bila kunigeuza jiwe.

Tena neno hilo limo katika Agano Jipya lote mara sita tu. Mara mbili katika Warumi 8, mara mbili katika Waefeso 1, mara moja katika 1 Wakorintho 2, ambako ni habari ya hekima ya Mungu, na mara moja katika Matendo 4. Hapo kwenye Matendo, nakiri, ni tukio, tena la kifo: kusulubiwa kwa Yesu. Katika Warumi na Waefeso ni kufanywa wana, kupewa urithi, kufananishwa na Kristo. Swali la kama Mungu anatawala pia mambo ya kila siku ni swali la kweli, lakini lina jina lake, maongozi ya Mungu, na wanaolishughulikia kwa makini hawalitumii kumwondolea mtu lawama ya mwendo wake.

Hiari je? Hapo Wakristo wamebishana tangu siku za walimu wawili wa kanisa waliopingana, Agostino na Pelagio, karne ya 5, na Waprotestanti wakabishana tena hadi sinodi ya Dort, mkutano wa kanisa kule Uholanzi, 1618 hadi 1619. Sitaumaliza ubishi huo mimi. Nilipokuwa kijana niligawa kazi mafungu mawili, la Mungu na langu, na kila nilipoanguka niliona fungu langu ndilo limepungua. Kilichonitoa hapo ni Wafilipi 2: "utimizeni wokovu wenu", na mara hiyo hiyo, "kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu." Neema haikuja kuchukua nafasi ya kutaka kwangu, ilikuja kufufua huko kutaka kwangu. Kila tarehe 3 Juni tunapowakumbuka wafia dini wa Uganda waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886, tunasema neema iliwashika, tunasema pia walikataa kumkana Kristo, na sijawahi kumsikia mtu akiona haya mawili yanagombana.

Hata Vifungu 39 vya Waanglikana, vya mwaka 1571, vinapofika cha 17 vinalitaja fundisho hili kuwa faraja tamu kwa wamchao Mungu. Wakatoliki nao hufundisha kwamba Mungu hakumpangia mtu yeyote aende motoni. Basi likitoka kinywani mwetu likamwumiza mama aliyefiwa, tujue limegeuzwa njiani.

Nilimfuata yule mhubiri baada ya chai. Ni kijana mwenye moyo, na nilimwita mwanangu. Nilimwomba tu siku nyingine asiishie mstari wa 29. Aendelee hadi wa 38 na 39, ambako Paulo anaorodhesha vitu visivyoweza kututenga na upendo wa Mungu, na cha kwanza anachokitaja hapo ni mauti. Akafungua Biblia yake pale pale, akasoma kimya, kisha akaniuliza kama mama bado yuko nyumbani.