Je, wajua kwa nini maneno mengi ya Kiingereza hutamkwa sawa na kuandikwa tofauti?

Si ajabu, ukipita kwenye maduka ya vyakula ya Darajani, kukuta kipande cha boksi kimechomekwa juu ya gunia la unga wa ngano, kimeandikwa kwa kalamu nene "flower", neno ambalo skuli tulifundishwa kuwa ni ua, na kwamba unga ni "flour". Sikio halisikii tofauti yoyote baina ya mawili hayo, na mwenye duka ameandika alichosikia. Lau angekuwa mfanyabiashara wa London katikati ya karne ya 18 asingelaumiwa sana, kwani hata kamusi mashuhuri ya Samuel Johnson, iliyotoka mwaka 1755, haikuyatenga maneno hayo kwa tahajia. Asili yake ni neno moja la Kifaransa lenye maana ya ua, lililoingia Uingereza baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066. Sehemu bora ya nafaka iliyosagwa na kuchekechwa, isiyo na pumba, ndiyo iliyoitwa ua la unga. Baadaye maandishi yakagawanyika, matamshi yakabaki yaleyale.

Jozi za namna hiyo, hata hivyo, ni chache. Maneno mengi ya Kiingereza yanayofanana kwa sauti hayakuzaliwa pamoja, bali yalikuwa na matamshi mbalimbali ambayo wakati uliyakutanisha. Baina ya karne ya 15 na ya 18 irabu ndefu za lugha hiyo zilihama mahali pake kinywani, moja ikiisukuma nyingine. Mvuvi wa Kiingereza wa mwaka 1500 alilitamka neno "sea", yaani bahari, takriban kama sisi tunavyolisoma "see" kwa Kiswahili, ilhali "see", yaani kuona, lilikuwa limekwisha kuelekea kwenye sauti ya i ndefu. Kizazi baada ya kizazi "sea" nalo likafuata mkondo huo hadi yote mawili yakawa kitu kimoja masikioni. Ndivyo lilivyokutana pia tanga la chombo, "sail", na mauzo ya dukani, "sale". Konsonanti nazo zilidondoka: herufi k ya "knot", yaani fundo la kamba, haikuwa pambo hapo zamani, bali ilitamkwa waziwazi, na ilipoachwa neno likawa sawa na "not".

Kwa nini basi tahajia haikufuata? William Caxton alianzisha kiwanda cha kwanza cha uchapaji Uingereza, pale Westminster, mwaka 1476, wakati mabadiliko hayo yakiendelea, na vitabu vilivyochapwa vikaanza kuyazoesha macho ya watu maumbo ya kale. Kwa hiyo anayeandika Kiingereza leo anaandika, kwa sehemu kubwa, sauti za watu waliokufa zamani. Mara nyingine hata si sauti: "son", yaani mtoto wa kiume, limepata herufi o kwa sababu katika hati za mkono za zama zile u na n zilikuwa vijiti vya wima vilivyofanana, na zikifuatana zilimchanganya msomaji.

Kiswahili kilichukua njia nyingine. Tahajia yetu ilisanifiwa kuanzia mwaka 1930 kwa kutumia Kiunguja kama msingi, kila herufi ikapewa sauti yake, na matokeo yake ni kwamba paa la nyumba na paa wa msitu wa Jozani huandikwa sawasawa. Wala hatupotei, kwani ngeli hutuokoa: paa hili linavuja, paa huyu anakimbia. Kiingereza hakina msaada huo, na kwa maoni yangu tahajia yake inayotutoa jasho ina faida hii moja, kwamba humtenganishia msomaji kile ambacho sikio limekichanganya.

Faida hiyo nayo haipo kila mahali. Mpishi wa Wete anayesoma maelezo ya pilau kwa Kiingereza akakuta "three cloves, crushed", aponde karafuu tatu au punje tatu za kitunguu thomu? Neno ni moja kwa sauti na kwa maandishi, lakini la karafuu limetoka Kilatini kwa kupitia Kifaransa, likiwa na maana ya msumari, na ukiishika karafuu kavu kati ya vidole utauona msumari wenyewe, mwili na kichwa; la thomu ni la Kiingereza cha kale na ni ndugu wa kitenzi cha kupasua. Vilevile "mace" ni basibasi linalofunika kokwa ya kungumanga, na ni siwa linalotangulizwa mbele ya Spika bungeni.

Kisha kuna mafanano tunayoyaongeza wenyewe. Kiswahili kina irabu tano, ilhali Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20, kwa hiyo "live" na "leave" huangukia mahali pamoja, na dereva wa teksi anayetaka kujua mgeni anaishi wapi huenda akaeleweka kuwa anamuuliza aondoke lini. Lakini kuna mafanano yanayowasumbua wanafunzi wengi wa Ufaransa na Ujerumani ambayo hapa Unguja na Pemba hayana nafasi: aliyekua akisema thelathini na dhahabu halichanganyi "think" na "sink", wala "then" na "den".